Chembe Tano za Risasi Kwenye Sahani ya Bati

Ile sahani ya bati iliyoko rafu ya juu, karibu na chungu cha gundi, si ya kulia chakula. Nasema hivi mwanzoni kabisa kwa sababu mmoja wenu, simtaji, amewahi kuipakulia wali. Ndani yake kuna chembe tano za risasi za gobori, zile ndogo zinazoitwa marisau, na kila anayeajiriwa karakana hii huniuliza zimetoka wapi. Nimejibu kwa mdomo mara nyingi, na kila mara nilikuwa na kazi mkononi, kwa hiyo nyote mna vipande vya habari visivyoungana. Sasa nimestaafu. Nitaandika mara moja, nanyi msome mara mbili.

Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Cheo nilikuwa nacho kimoja, fundi, na mshahara wangu anaujua mke wangu, naye mpaka leo haamini kwamba ni huo tu.

Nilizaliwa kijiji cha nyuma ya Handeni, na kabla ya kugusa karatasi nilikata mkonge katika shamba moja huku Korogwe. Mkonge unachoma, na mnyapara wa mkonge anachoma zaidi. Ijumaa moja baada ya swala nilikwenda mjini, duka la Ramji, Mhindi muuza vitambaa, kumnunulia mke wangu kaniki. Tulivutana bei mpaka jua likahama kaunta. Tulipokubaliana akapima kitambaa, akakunja. Nikamwomba radhi, nikakikunjua, nikapima upya kwa mkono wangu. Kilipungua shubiri moja.

"Wewe unaniona mimi mwizi?" Ramji akauliza.

"Hasha, tajiri. Nakuona una mkono mfupi."

Nyuma ya pazia mtu akacheka mpaka akakohoa. Pazia likafunguka, akatoka Mhindi mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, vidole vyake vimekauka gundi. Huyo ndiye Kanji, mdogo wake Ramji. Chumba cha nyuma ya duka kilikuwa karakana yake. Alijalidi vitabu vya mahesabu vya mashamba ya mkonge, Misahafu na vitabu vya sala, akabandika kitambaa nyuma ya ramani za shule zilizochanika, na zaidi ya yote alitengeneza matufe ya dunia.

"Unajua kusoma?" akaniuliza.

"Kiasi."

"Kuhesabu?"

"Mara mbili."

"Nimesikia. Njoo Jumatatu."

Ramji akampigia kelele kwa Kigujarati, na mimi bila kujua neno hata moja nilielewa yote. Kaniki niliondoka nayo, na shubiri yangu juu.

Jumatatu hiyo nilipoingia chumbani nilikuta dunia kumi na moja zimepangwa ukutani. Sikuwa nimewahi kuona hata moja. Nilidhani ni vibuyu vya Mzungu fulani mwenye pesa za kupoteza. Kanji, ambaye toka hapo nilimwita Fundi, akanitolea mpira wa mti wenye mhimili unaotokeza juu na chini, akanionyesha rundo la karatasi chakavu na ndoo ya uji wa wanga wa muhogo. Muhogo huo ulitoka Kwamndolwa, kwa mama mmoja aliyekuwa akitwambia kila wiki kwamba hajawahi kuona watu wanaokula sana kama sisi na bado wamekonda.

Kazi yenyewe ndiyo hii mnayoifanya leo, ila sisi hatukuwa na karatasi nzuri. Unabandika tabaka juu ya tabaka kwenye mpira wa mti, unangoja likauke. Likishakauka unalikata kiunoni kwa kisu, pande zote, unalivua kama ganda la chungwa, unabaki na bakuli mbili za karatasi. Unasimamisha nguzo ya mti ndani, unazirudisha bakuli zikutane, unashona na kugundisha kiuno. Juu yake unapaka chokaa iliyochanganywa na gundi ya ngozi, unaizungusha chini ya chuma chenye umbo la mwezi mchanga mpaka yote ibaki sawa kama yai. Hapo ndipo yanakuja majani. Ramani ya dunia nzima huchapwa katika vipande kumi na viwili, vipana katikati, vimechongoka juu na chini; sisi tuliviita majani. Kisha kofia mbili za duara, moja ya kaskazini na moja ya kusini, za kufunika pale ncha zinapokutana. Kumi na mbili, na mbili. Hesabu kabla ya kuloweka. Ukishaloweka hesabu tena, maana nimeona jani limeondoka limeganda kwenye kiwiko cha mtu mpaka chooni.

Tatizo ni kwamba karatasi ikiloa inatanuka. Usipoipima na kuivuta kwa namna moja, kila jani linamnyang'anya mwenzake nafasi kidogo kidogo. Dunia yangu ya kwanza nilibandika majani kumi na moja yakajaa pande zote, la kumi na mbili likabaki mkononi linadondoka maji. Nikaligeuza nione ni la wapi. Lilikuwa lile lenye Tanganyika.

Fundi akaja, akatazama, akasogeza miwani.

"Hongera," akasema. "Umejenga dunia nzima, na wewe mwenyewe humo hukai."

Toka siku ile nilianza kwa jani la bahari kuu, na kumalizia huko huko baharini. Muungano wa majani ukikaa vibaya ukakata bahari, hakuna mwenyewe wa kuja kulalamika. Ukikata nchi ya mtu, mwalimu wa shule atakurudishia kazi hata kama ni masika na barabara imekatika.

Fundi alijifunza Bombay, kwa mzee aliyekuwa akitengeneza matufe ya kale ya manahodha. Alipenda kusimulia habari za mafundi wa kwanza wa Ulaya kama mtu anayesimulia habari za wajomba zake. Jinsi walivyochora ramani kinyumenyume kwenye bamba la shaba. Jinsi wake na binti zao walivyokaa mstari mmoja wakitia rangi kwa brashi, nchi moja moja, na pengine nchi iliyokuwa kijani asubuhi ikawa njano jioni kwa sababu kijani kimekwisha. Na jinsi walivyokuwa bahili. "Ndani ya dunia ya kale," aliniambia, "utakuta takataka zote za nyumba ya fundi. Barua, karatasi za madai ya mishumaa, kurasa za kitabu kilichoharibika. Hawakutupa kitu wale." Nikaona hao ni watu ninaoweza kuelewana nao.

Na ndiyo maana ya sahani. Fundi alikuwa na sharia moja isiyojadiliwa. Ukifungua kazi ya mtu, chochote kinachotoka ndani kinakaa kwenye sahani ya bati mpaka kazi hiyo itoke mlangoni. Uzi, msumari, kipande cha mti, mende aliyekufa. Nilimuuliza mende wa nini. Akasema, "Si mende wako." Basi.

Mwaka wangu wa tatu akaja Bibi wa Dindira. Huyu alikuwa mama wa Kizungu, mjane, mwenye shamba la chai huko milimani. Kiswahili chake alijifunzia kwa wachuma chai, kwa hiyo alikijua chote katika hali ya kuamrisha. Sikumbuki kumsikia akitoa sentensi isiyomtuma mtu mahali. Dereva wake aliingia amekumbatia tufe kubwa kuliko yote tuliyowahi kupokea, limekuwa rangi ya chai kwa uzee, limezungukwa na pete ya shaba iliyochorwa nyuzi zote za dunia, yaani digrii. Fundi aliposoma maandishi yake alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Lilikuwa na umri unaozidi miaka mia. Bara letu lilikuwa na pwani iliyochorwa vizuri, na katikati hakuna kitu ila jina la msanii na picha ya tembo.

"Imebonyea," Bibi akasema, akigusa upande wa kusini. "Nyoosha. Inalala upande. Amsha. Inapiga kelele." Akaitikisa kidogo, ndani kitu kikagongagonga kama njugu mawe ndani ya kibuyu. "Kelele, ondoa."

Fundi akasema itakuwa tayari Jumamosi ya wiki ya tatu.

Bibi alipoondoka, Ramji akaja kusimama mlangoni. Alikuwa ameshachoka na kile chumba. "Kanji," akasema, safari hii kwa Kiswahili, ili nami nipate fungu langu, "humu mna dunia kumi na moja na hakuna hata moja inayolipa kodi. Mimi nina magunia ya mahindi yananyeshewa. Huyu mama ana nyumba imejaa vitabu. Akiridhika, ataleta vyote, mtakuwa na kazi ya miaka, chumba chenu. Asiporidhika, Jumatatu yake magunia yanaingia."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe utayabeba. Una mkono mrefu."

Sasa mjue hali ilivyokuwa. Mkonge ulikuwa unaningoja, na mnyapara wake yuko pale pale. Na Fundi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, hakuwa na kazi nyingine duniani aliyoiweza. Yeye kuuza kaniki? Angempa kila mteja shubiri ya ziada na kumsimulia habari za manahodha.

Tufe likakaa mezani, na macho ya Fundi yakaanza kuwasha. Wiki ya pili akapanda treni kwenda Tanga kutazamwa na daktari. Kabla ya kuondoka akaniagiza: fungua kiunoni, nyoosha palipobonyea, tandika karatasi kwa ndani, funga, paka chokaa. "Na sahani," akasema akiwa ameshafika uani. "Usisahau sahani."

Sikuisahau. Nilikata kiuno cha lile tufe kwa kisu chembamba, nikishika pumzi, na bakuli zilipoachana nikakuta kweli mafundi wale walikuwa bahili. Kwa ndani limetandikwa karatasi zilizoandikwa kwa mkono, hesabu za mtu fulani aliyekwisha kufa zamani, na nilijaribu kuzijumlisha nikaona alikosea. Nilikuta kipande cha mti. Na chini kabisa kilidondoka kimfuko cha kitambaa kimeoza, kimepasuka, na chembe za risasi zikamiminika mezani. Nikazihesabu: mia moja sitini na tatu. Nikazihesabu tena: mia moja sitini na tatu. Nikaziweka kwenye sahani.

Ningeishia hapo, nyinyi leo msingekuwa na la kusoma. Lakini siku ileile mjomba wangu, Mzee Semboja, alikuja Korogwe kuuza asali, akapita kunisalimia. Mjomba ni mwindaji, ana gobori lenye umri wa kukaribia lile tufe. Alipoona sahani, maneno ya salamu yalimkauka.

"Mpwa wangu. Hizo ni za nani?"

"Za kazi, mjomba. Zimetoka humu."

"Dunia ina marisau ndani?"

"Nami nimeshangaa."

Akaketi. Akavuta gunia lake karibu, akatoa paja la swala pala lililokaushwa, akaliweka mezani bila kusema kitu. Mjomba wangu ni mfanyabiashara mzuri, anajua kunyamaza.

Hapo ndipo niliposhauriana na akili yangu, na akili yangu ikanijibu vizuri sana. Bibi amesema kelele, ondoa. Kelele ni hizi. Amesema inalala upande, amsha. Bila shaka kinachoilaza ni huu mzigo unaogaragara ndani. Nikiuondoa nimemaliza malalamiko mawili kwa mkono mmoja. Kuhusu sahani, niliona sharia ni ya vitu vya kurudishwa, na hizi mwenyewe ameshaamuru ziondoke. Nikamwambia mjomba paja halitoshi. Akaongeza chupa ya asali. Nikamwambia na nta. Akatoa nta. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikijisikia mtu mkubwa.

Nikalinyoosha tufe, nikalifunga, nikapaka chokaa pale kiunoni, nikalirudisha kwenye pete yake ya shaba, mhimili wake umelala. Nikalizungusha. Likazunguka vizuri, kimya kabisa, likapunguza mwendo, likasita, likarudi nyuma kidogo, likatulia. Juu palikuwa na bahari kuu tupu. Bara letu na tembo wake lilikuwa chini, limeangalia meza.

Nikazungusha tena. Bahari juu, sisi chini. Nilizungusha mara kumi, na kwa kuwa nahesabu mara mbili, kumi nyingine. Mara ishirini tulijificha chini kama watu wanaodaiwa.

Fundi alirudi Jumatatu ya wiki ya mwisho, amevaa miwani myeusi na kichupa cha dawa mfukoni. Sikumwambia kitu. Alilisogelea tufe, akainamisha sikio, akalizungusha.

"Kimya," akasema.

"Ndiyo, Fundi. Nimeondoa kelele."

Likatulia. Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akaona ni bahari. Akazungusha tena, akainama. Bahari.

"Mfuko umeuweka wapi?"

"Mfuko upo kwenye sahani."

"Vilivyokuwa ndani ya mfuko?"

"Handeni."

Akavua ile miwani myeusi aliyokatazwa kuivua. "Handeni zinafanya nini?"

"Zinawinda."

Hakunifokea. Alikaa kwenye kigoda, akanieleza polepole, kama anavyoeleza mtu aliyechelewa treni saa ya treni inayofuata. Tufe la karatasi kamwe halitoki sawa. Upande mmoja utabeba gundi zaidi, upande mwingine chokaa zaidi. Basi mafundi wa kale, kabla ya kufunga kiuno, waligundisha kwa ndani kimfuko cha marisau upande ule mwepesi, ili dunia isimame popote itakapoachwa. Gundi ya mfuko wa Bibi ilikufa kwa uzee, mfuko ukabanduka na kugaragara, ndiyo kelele, ndiyo kulala upande. Kazi yangu ilikuwa kuugundisha upya. Mimi nimeuuza kwa nyama.

"Sasa, Fundi," nikasema, "mchanga wa mto si mzito? Tukiutia mchanga?"

"Mchanga utaisawazisha," akasema. "Lakini Bibi hakutuletea mchanga."

Kesho yake asubuhi nilikuwa juu ya lori la Handeni, juu ya magunia, nikipanga maneno. Kosa langu la pili lilikuwa hilo lori. Mjomba alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akisafisha mtutu, akaniona nikishuka mbio mbio, shati limejaa vumbi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kwa lori?"

"Nimekuja kwa lori."

"Aah." Akaweka gobori chini. "Ungekuja kwa miguu ningekupa bure. Mtu anayekuja kwa lori ana shida."

Nikamweleza yote, maana hakuna kumdanganya mtu aliyekulea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mkewe, Bi Hawa, ili nirudie mbele yake, na wote wawili wakacheka mpaka kuku wakahama kivuli. Walipotosheka, mjomba akaleta kibuyu chake. Tulihesabu juu ya mkeka: mia moja arobaini na moja.

"Mjomba, zimepungua ishirini na mbili."

"Jana nilipiga mshindo mmoja. Kundi la kanga, pale kwenye kichuguu."

"Umepata?"

"Wawili. Wamo chunguni."

Bi Hawa akafunua chungu kunionyesha. Harufu ilikuwa nzuri mno kwa mtu mwenye huzuni. Tulikubaliana kula kwanza, na kula kwenyewe ndiyo ikawa kazi. Watu watatu wazima tumezunguka sinia, tunatafuna kama wazee wasio na meno, kila mara mmoja anasimama, anatoa chembe mdomoni, anaiweka kwenye kawa.

"Hii ya ngapi?" mjomba anauliza.

"Ya tano."

"Ya sita," anasema Bi Hawa, akishika shavu. "Na jino langu lihesabu pembeni."

Zilipatikana nane. Kisha tukachukua jembe tukaenda kwenye kichuguu, tukakikwangua upande uliopigwa kama tunakwangua ukoko, tukapata tisa. Mchwa walitukasirikia sana. Jumla mia moja hamsini na nane. Nilirudia kuhesabu nikitumaini nimekosea. Sikukosea. Tano zilikuwa zimepotea porini.

Ikabaki bei. Nilifikiri ataomba paja lake, nami nilikuwa tayari nimeshalila. Mjomba akasema anataka mfuko wa ngozi wa kuwekea baruti, uliojalidiwa kama kitabu, wenye kifuniko, na jina lake kwa herufi za dhahabu kama Msahafu.

"Herufi za dhahabu porini za nini?"

"Nguruwe wanijue."

Tulivutana, nikampunguza kutoka jina zima mpaka herufi mbili. Ndiyo ushindi pekee nilioupata safari nzima.

Jumatano nilikuwa Korogwe. Alhamisi tulilikata tena tufe kiunoni, safari hii Fundi akishika mkono wangu, maana macho yake hayakumruhusu kushika kisu. Hapa naomba mwache kusoma harakaharaka. Simika visu viwili, makali juu, sambamba. Laza mhimili juu yake, tufe likiwa limefungwa kwa uzi tu. Liache ligeuke lenyewe. Upande unaokwenda chini ndio mzito, kwa hiyo mzigo unaenda upande wa pili. Ushike kwanza kwa nta kwa nje, usogeze unene wa kucha, uache, utazame. Sogeza tena. Tulianza asubuhi. Nta ilikuwa ileile ya mjomba, na nilifurahi kwamba angalau hiyo sikuirudisha.

Adhuhuri tulikuwa tumekaribia, lakini kila mara tufe lilizidi kidogo kwenda kulekule. Palipungua uzito wa chembe tano.

"Toa kifungo," akasema Fundi.

"Cha shati lako?"

"Cha mwenye kosa."

Nikamuuliza cha shati au cha suruali. Akasema chagua mwenyewe unataka Bibi akuone vipi. Nikakata kifungo cha shati, cha juu kabisa, cha shaba, nilichokuwa nimekipata kwa taabu kwa askari mmoja mstaafu. Tukakitia ndani ya mfuko mpya pamoja na zile mia moja hamsini na nane. Tufe likasimama. Tukaligeuza robo, likasimama. Tukaligeuza nusu, likasimama. Fundi hakuwa akiona vizuri, lakini alinyoosha mkono akakuta halisogei, akaacha mkono wake pale kwa muda. Ndipo tukagundisha kwa gundi ya ngozi, tukashona kitambaa juu ya mfuko, tukafunga.

Jumamosi Bibi alifika kabla ya saa nne. Ramji alikuwepo, ana kamba ya kupimia mkononi, anapima ukuta wa karakana kwa ajili ya magunia, anajifanya anatafuta buibui. Bibi hakumwona. Alitikisa tufe.

"Kelele hakuna."

"Hakuna, Bibi."

"Zungusha."

Nikazungusha. Likatulia bara la Hindi likiwa juu. "Tena." Likatulia Amerika. "Tena." Likatulia bara letu likiwa juu, tembo katazama dari. Bibi akanisukuma pembeni, akazungusha yeye mwenyewe, akafumba macho, akaweka kidole chake cha shahada likiwa bado linakwenda, kama anavyofanya mtoto. Likasimama chini ya kidole chake. Alipofumbua macho alitazama mahali pale kwa muda mrefu, na sikujua ni wapi.

Kisha akauliza: "Ndani nini?"

Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Hakunitazama, hata kama angeweza. Ramji aliacha kupima. Nilijua nikisema "mfuko wa uzito, Bibi" nitakuwa nimesema kweli, na chumba kimepona. Lakini sahani ilikuwa pale mezani, ina kile kitambaa kilichooza, kipande cha mti, na nafasi tupu.

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya mjomba, paja, lori, kanga na kichuguu. Nikamwambia zimepungua tano, na badala yake mna kifungo changu. Nikamwonyesha shati, kola imeachia.

Nje gari la mkonge likapita.

"Kanga," akasema Bibi. "Tamu?"

"Tamu, Bibi. Ila ina risasi."

Uso wake ulikunjamana wote, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kilichokuwa kimekaa muda mrefu bila kutumika. Alimshika dereva begani ili asianguke. Akajifuta macho, akaelekeza kidole kwa Fundi, kisha kwangu. "Jumatatu. Vitabu vyote. Chukua. Tengeneza." Na mlangoni akageuka. "Kifungo, acha humo."

Ramji akaviringisha kamba yake taratibu, akaitia mfukoni. "Buibui sikuona," akasema, akarudi dukani.

Vitabu vya Dindira vilitulisha miaka sita. Baadaye zikaja shule, misheni na ofisi, na dunia zikaongezeka ukutani, na mahindi ya Ramji yakatafuta pa kulala. Macho ya Fundi yalizima kidogo kidogo, lakini mpaka mwaka wake wa mwisho alikuwa akipima muungano wa majani kwa ukucha, na mimi nikimwonea wivu. Bibi alipoondoka nchini aliondoka na tufe lake. Kifungo changu kimesafiri kunipita mimi.

Na zile tano? Masika iliyofuata mvua ilikiosha kile kichuguu, kikaporomoka, na Bi Hawa akaziona zimekaa zimepangana kwenye udongo. Mjomba akamkabidhi dereva wa lori zimefungwa ndani ya kitambaa, na ujumbe kwamba anangoja herufi zilizobaki za jina lake. Nilizipeleka kwa Fundi, nikamuuliza tufunge safari ya Dindira, tufungue, tuzirudishe, tutoe kifungo.

"Imesimama?" akauliza.

"Imesimama."

"Basi usiifungue. Ziweke kwenye sahani. Kazi ya Bibi haijatoka yote."

Ndiyo maana haijapakuliwa wali miaka yote hii, isipokuwa ile mara moja. Mjomba herufi zake nilimtilia, jina zima, na nguruwe wa Handeni hawana tena kisingizio.

Funguo za karakana nimeziacha kwa yule mwenye zamu ya asubuhi. Kabla ya kuzitoa mkononi niliteremsha sahani, nikazihesabu. Ni tano. Nikazihesabu tena.